Nafasi ya diski ya kompyuta inapopungua: lini ni kawaida, lini ni hatari?

Tarehe 29 Agosti 2023, viwanda vyote 14 vya kuunganisha magari vya Toyota nchini Japani vilisimama. Wengi walidhani kampuni hiyo imeshambuliwa na wadukuzi. Septemba 6 Toyota ikatoa maelezo: hapakuwa na mdukuzi. Siku mbili kabla ya viwanda kusimama, mafundi walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida ya kompyuta zinazoshughulikia uagizaji wa vipuri. Walikuwa wakifuta na kupanga upya data zilizolimbikizana, na nafasi kwenye diski ikawa haitoshi. Mfumo ukasimama. Kompyuta za akiba, ambazo ndizo zingepaswa kuokoa hali, zilikuwa kwenye mfumo uleule, nazo zikakwama kwa sababu ileile. Kazi ilirejea baada ya data kuhamishiwa kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi.

Tumeanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo watumiaji wengi wa kompyuta hulisahau. Nafasi tupu kwenye diski si mapambo. Kompyuta inaihitaji ili ifanye kazi, hata ile kazi ya kusafisha diski yenyewe. Yaliyowakuta Toyota yanaweza kumkuta mwanafunzi anayehifadhi tasnifu yake saa sita usiku, au mwenye duka ambaye hesabu za mwaka mzima zimo kwenye laptopu moja.

Lakini ipo pia hofu ya upande wa pili. Mtu analala diski ikiwa na GB 40 tupu, anaamka anakuta 34, anaamini kompyuta imeingiliwa na virusi, anakimbilia kufuta asichokijua au anampelekea fundi akamfutie kila kitu. Hofu hiyo nayo ina gharama. Kwa hiyo tutazame ni upungufu upi wa kupuuza na upi wa kushughulikia leo hii. Mifano yetu mingi ni ya Windows kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi kwenye kompyuta za nyumbani na ofisini, ingawa mantiki yake ni ileile kwenye mifumo mingine.

GB ambazo hazikupotea

Umenunua laptopu iliyoandikwa GB 500, umeiwasha, Windows inakuambia diski ina GB 465. Muuzaji hajakuibia. Watengenezaji wa diski huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024, hivyo GB yake moja ni baiti 1,073,741,824. Diski ni ileile, kipimo ndicho tofauti. Kwa hesabu hiyo diski ya GB 256 huonekana 238, na ya TB 1 huonekana GB 931. Ukikuta tarakimu hizi, tulia.

Ukikuta pungufu kubwa kuliko hapo, huenda diski imegawanywa vipande, kimoja kikiitwa C na kingine D, na vingine vidogo vikiwa vimefichwa kwa ajili ya kurejesha mfumo ukiharibika. Vyote hivyo utaviona ukifungua Disk Management. Kwa laptopu za mtumba hili ni la kawaida, kwani mwenye nazo wa kwanza alizigawa atakavyo.

Na kwa kuwa tumegusa ununuzi: nafasi iliyozidi kiasi nayo ni ya kutiliwa shaka. Flashi inayotangazwa kuwa na TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana mara nyingi ni ya udanganyifu. Imechezewa ili iiambie kompyuta kwamba ni kubwa, ilhali ndani yake mna GB chache tu. Itapokea mafaili yako bila kulalamika. Siku utakapoyafungua ndipo utakapojua kwamba mengi hayakuandikwa kamwe.

Kujaa na kupwa

Diski yenye afya ni kama bahari: hujaa na hupwa. Nafasi hupungua, kisha hurudi. Wanaotazama tarakimu mara moja tu huiona bahari ikiwa imepwa na kudhani imekauka.

Chanzo kikubwa cha kupanda na kushuka huko ni masasisho ya mfumo. Windows hupakua sasisho kimyakimya, huliweka pembeni, hulisakinisha, na baadaye husafisha mabaki. Sasisho kubwa linapoingia, mfumo wa zamani huhifadhiwa katika folda inayoitwa Windows.old, ambayo yaweza kula GB nyingi kwa mpigo. Imewekwa ili uweze kurudi nyuma iwapo sasisho litaleta matata, na kwenye Windows 10 na 11 kwa kawaida hujifuta yenyewe baada ya siku 10. Tena, tangu toleo la Windows 10 la Mei 2019, kompyuta nyingi mpya hutengewa takriban GB 7 za akiba kwa ajili ya masasisho hayo. Nafasi hiyo huhesabiwa kuwa imetumika hata kama hujaweka kitu.

Kuna pia mafaili mawili makubwa yaliyofichwa ambayo huwatisha watu wanapoyaona. La kwanza ni pagefile.sys, ambalo Windows hulitumia kama nyongeza pale RAM inapoelemewa. Ukifungua programu nyingi hukua, ukiizima na kuiwasha kompyuta upya hurudi kwenye ukubwa wake. La pili ni hiberfil.sys, ambamo kompyuta huweka yote uliyokuwa ukiyafanya inapozima kwa njia ya Hibernate. Kwenye laptopu yenye RAM ya GB 16 linaweza kufika GB 6 na zaidi. Wapo wanaoshauri kuliondoa kwa amri ya powercfg /h off, na kweli utaokoa nafasi. Sisi hatumshauri hivyo mtu anayeishi na umeme wa kukatikakatika. Betri ikiisha katikati ya kazi, faili hilo ndilo linalokurejesha ulipokuwa.

Vivinjari vya intaneti, Telegram na WhatsApp ya kwenye kompyuta nazo huhifadhi picha na video ulizotazama ili zisipakuliwe tena. Kwa mwenye bando dogo hilo ni jema, lakini ndilo linalojaza diski polepole. Sisi tunaofanya kazi ya sauti tunalijua pia kwa njia nyingine. Saa moja ya sauti isiyobanwa, ile ya WAV yenye ubora wa CD, ni zaidi ya MB 600. Saa hiyohiyo ikiwa MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki MB 60. Na programu ya kuhariri, ili iweze kukurudisha nyuma ukikosea, hutunza vipande vya kila hatua mpaka uifunge. Anayehariri kipindi kirefu anaweza kuona GB kadhaa zikitoweka mchana na kurudi jioni.

Upungufu usiorudi

Sasa tuje kwenye wasiwasi wenye msingi. Swali la kwanza si zimebaki GB ngapi, bali zinaelekea wapi. Chukua daftari. Kwa siku saba, kila unapowasha kompyuta asubuhi, fungua This PC na uandike nafasi tupu ya diski C, pamoja na ulilofanya jana yake: umepakua filamu, umeingiza picha za harusi, umesakinisha programu. Baada ya wiki utakuwa na picha ya kweli. Tarakimu zikipanda na kushuka, au zikipungua kwa kiasi kinacholingana na ulichoweka, hakuna ugonjwa. Zikishuka kila siku bila kurudi, hasa siku ambazo hukufanya kitu, kuna jambo. Na zikishuka mbele ya macho yako, kwa kiasi unachoweza kukiona kila baada ya dakika chache, usisubiri wiki iishe.

Mara nyingi anayekula nafasi namna hiyo ni programu iliyokwama, inayoandika rekodi ya makosa yake bila kukoma. Mfano unaojulikana sana ni wa Windows 7, ambayo bado ipo kwenye kompyuta nyingi za zamani. Mfumo huo hutunza rekodi katika faili liitwalo CBS.log, na likikua hujaribu kulibana lichukue nafasi ndogo. Likizidi GB 2, zoezi la kulibana hushindwa. Windows hujaribu tena, hushindwa tena, na kila jaribio huacha mabaki katika folda ya C:\Windows\Temp, mafaili yanayoanza kwa cab_. Diski inaweza kujazwa yote hivyo. Aliyefuta picha zake ili kupata nafasi hakuponya kitu, kwani nafasi aliyoipata ilijazwa tena.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kumjua mlaji kabla ya kufuta chochote. Kwenye Windows 10 na 11 fungua Settings, kisha System, kisha Storage, utaona mgawanyo kwa makundi. Ukitaka undani zaidi, programu ya bure WinDirStat hupima kila folda na kukuonyesha mafaili kama visanduku vya rangi, faili kubwa likiwa na kisanduku kikubwa. Mara nyingi mlaji hujitokeza ndani ya dakika chache, na mara nyingi ni kitu cha kuchekesha: nakala tatu za filamu moja, au pipa la taka ambalo halijamwagwa kwa miaka miwili. Maana ukifuta faili la kwenye diski ya kompyuta kwa njia ya kawaida, huenda tu kwenye Recycle Bin, nalo limo humohumo kwenye diski.

Na virusi je? Hapa tuseme wazi: virusi vingi vya siku hizi havijazi diski. Aliyevitengeneza anataka visionekane, na diski iliyojaa huvutia macho. Upungufu wa nafasi peke yake si ushahidi wa virusi. Ukiambatana na mengine, kama vile feni kuvuma muda wote ingawa hufanyi kitu, programu usizozijua, au mafaili yako kubadilika majina ya mwisho na kukataa kufunguka, hapo chomoa intaneti kwanza kisha tafuta msaada. Hilo la mwisho ni dalili ya wale wanaofunga mafaili ya watu ili walipwe fidia.

Kuna kirusi kimoja cha flashi, hata hivyo, ambacho huacha alama kwenye nafasi, na kimewatoa machozi wengi katika steshenari na saiba zetu. Unachomeka flashi, unakuta folda zote zimegeuka njia za mkato, au hakuna kitu kabisa. Lakini ukitazama nafasi, flashi bado inasema imejaa nusu. Tofauti hiyo ndiyo habari njema. Mafaili yamo, yamefichwa tu. Usiiformati, na usibofye njia hizo za mkato. Ikague kwanza kwa programu ya kuzuia virusi. Kisha fungua Command Prompt na, kama flashi yako ni E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* halafu bonyeza Enter. Folda zako zitajitokeza.

Ngapi zibaki?

Windows yenyewe hukuonya kwa rangi. Mstari wa diski kwenye This PC hugeuka mwekundu nafasi tupu inaposhuka chini ya asilimia 10. Sisi tungeuchukulia mstari huo kuwa ni tarehe ya mwisho, si tarehe ya kuanza. Kwa diski ya mfumo ni vyema kubakiza asilimia 15 hivi, na kwenye laptopu zenye diski ndogo ya GB 128 usiruhusu ishuke chini ya GB 20, kwa sababu sasisho kubwa la Windows linaweza kuhitaji kiasi kama hicho. Kompyuta isiyopata masasisho hubaki na matundu ya usalama yaliyokwisha kuzibwa kwa wengine.

Diski ya pili, ile D ya kuwekea filamu na picha, haina masharti makali hivyo. Inaweza kujaa karibu yote na kompyuta isidhurike.

Diski C ikikaribia sifuri, mambo huanza kuharibika kwa namna isiyofanana na tatizo la nafasi. Programu hujifunga ghafla, kwa kuwa lile faili la nyongeza ya RAM halina pa kukulia. Diski za SSD hupunguza kasi zinapojaa. Na Word, unapohifadhi waraka, kwanza huandika nakala mpya pembeni ndipo huiweka mahali pa ile ya zamani, kwa hiyo waraka wenye picha nyingi unahitaji nafasi zaidi ya ukubwa wake. Ukitokewa na ujumbe kwamba diski imejaa huku kazi yako iko wazi kwenye kioo, usifunge programu na usiizime kompyuta. Chomeka flashi, chagua Save As, hifadhi huko. Mengine yatafuata.

Kabla hujafuta

Anza na vilivyo salama: mwaga Recycle Bin, kisha kwenye ukurasa uleule wa Storage chagua Temporary files. Soma kila mstari kabla ya kuweka alama, maana folda ya Downloads imeorodheshwa humo pamoja na takataka halisi. Kwa watu wengi folda hiyo si takataka hata kidogo. Ndimo zilimo risiti, vyeti, barua za kazi na picha walizotumiwa.

Usiingie ndani ya folda ya Windows na kufuta kwa mkono. Folda ya WinSxS huonekana kubwa mno na huwashawishi wengi, lakini mfumo unaitegemea, na Disk Cleanup inajua cha kuondoa humo kwa usalama.

Angalizo kubwa kuliko yote ni kuhusu OneDrive, Google Drive na Dropbox. Folda iliyounganishwa na huduma hizi ukiifuta kwenye kompyuta, hufutwa pia mtandaoni na kwenye simu yako. Huduma hizo huweka vilivyofutwa kwenye pipa lao kwa muda, basi ukigundua kosa mapema utaokoa. Kwenye OneDrive njia sahihi ya kupata nafasi ni kubofya folda kwa kitufe cha kulia na kuchagua Free up space. Faili hubaki mtandaoni, huku kwenye diski pakibaki jina lake tu. Kumbuka lakini kwamba siku utakapolihitaji utatumia bando kulirudisha.

Diski inayokufa

Hali moja haitibiwi kwa kufuta kabisa. Wakati mwingine si nafasi inayopungua bali ni diski inayokufa, na kwa mtazamo wa haraka mambo hayo mawili hufanana. Kompyuta inakuwa nzito, mafaili hayahifadhiki. Tazama tofauti: ukubwa wa diski nzima unabadilika leo na kesho, au diski inapotea na kurudi. Majina ya mafaili yanageuka herufi zisizosomeka. Folda iitwayo FOUND.000 inazuka baada ya Windows kukagua diski yenyewe wakati wa kuwaka. Kufungua faili dogo kunachukua dakika nzima. Diski ya kuzunguka inatoa mlio wa tiki-tiki. Programu ya bure CrystalDiskInfo husoma taarifa ambazo diski yenyewe hutunza kuhusu afya yake. Ikikuandikia Caution au Bad, iamini. Ikikuandikia Good huku mlio unaendelea, amini masikio yako.

Diski ya namna hiyo usiisafishe, usiipange upya, usiiwekee programu mpya. Kila dakika inayofanya kazi ni dakika iliyotolewa kwenye maisha yake yaliyobaki. Nakili kwanza usichoweza kukipata tena: picha za familia, hesabu, maandishi yako mwenyewe. Filamu na programu zinapatikana tena.

Na ukimpelekea fundi kompyuta yenye tatizo lolote kati ya haya, mweleze ulichokiona kwenye daftari lako, si neno "imejaa" peke yake. Dawa inayotolewa kwa haraka ni kupiga Windows upya, na ni kweli huleta nafasi nyingi. Kabla hajaanza, hakikisha pamoja naye kwamba folda ya C:\Users imenakiliwa mahali pengine, na ufungue mafaili mawili matatu kwenye hiyo nakala ujionee. Usisahau Desktop. Watu wengi huweka kazi zao pale bila kujua kwamba nayo iko ndani ya diski C, na kwamba itafutwa pamoja na mengine yote.